Theluji Mpya na Hatari ya Maporomoko

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani mlio karibu na mlio mbali, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze jambo ambalo huenda wengi wataliona kuwa si letu. Sisi tunaokaa chini ya Rwenzori twaiona theluji asubuhi mawingu yanapofunguka, nyeupe juu ya vilele; kisha mawingu hujifunga tena, nasi twaenda zetu darasani. Hatuigusi, wala haitugusi. Lakini siku hizi baadhi ya ndugu zetu wamekwenda kusoma katika nchi ambazo theluji huanguka mpaka mlangoni mwa nyumba, na mmoja wao ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Ndugu huyo alimaliza masomo hapa miaka minne iliyopita, na sasa yuko chuoni Uswisi. Mwezi wa Januari alimwandikia Padre wetu anayefundisha Jiografia, ambaye ni mzaliwa wa nchi hiyo. Alisema theluji imeanguka siku tatu mfululizo, zaidi ya nusu mita, na upepo umevuma usiku na mchana. Rafiki zake wanne wamemwalika kupanda nao mlima Jumamosi kwa skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni. Yeye amekwisha azima mbao na viatu. Wanangoja mbingu itakate tu. Akauliza, “Padre, je, kuna neno?”

Padre alitusomea barua ile darasani ili tujue habari za theluji. Alipofika kwenye swali hilo alinyamaza. Akaikunja karatasi, akaendelea na somo la mito. Kesho yake aliingia akiwa na ubao mpana, gunia kuukuu, unga wa mahindi, na bakuli la sukari aliyoitoa jikoni. (Mpishi wetu alinung'unika juma zima kwa ajili ya sukari ile, nasi tulikunywa uji usio na utamu siku mbili.) Haya ninayoandika ni yale tuliyojifunza siku ile na siku zilizofuata.

Kwanza tujue maana ya maneno. Poromoko la theluji ni theluji nyingi inayoachana na mlima na kushuka kwa ghafula. Kuna aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni ya theluji isiyoshikamana: huanza mahali padogo, kama punje moja ikisukuma mbili, na mbili zikisukuma nne, nayo hupanuka kadiri inavyoshuka. Aina ya pili ni ya bamba: tabaka zima la theluji iliyoshikamana hukatika kwa mara moja, kama kipande cha lipu kinavyobanduka ukutani, na mstari wa mkato huonekana juu ukikingama mlimani. Aina hii ya pili ndiyo inayowaua wengi wa watu wanaotembea milimani.

Padre alitandika gunia juu ya ubao ili unga usiteleze kwa urahisi. Akamwaga unga, akaushindilia kwa kiganja mpaka ukawa kama andazi pana, kisha akauinua ubao upande mmoja polepole, na mwenzetu mmoja akapima pembe. Digrii 20, 30, 40, unga umekaa. Ulipita digrii 45 ndipo ukaanza kumeguka vipande vipande. Akarudia tena, lakini mara hii alitandaza unga kidogo chini, akanyunyiza sukari juu yake, kisha akaweka unga mwingine na kuushindilia. Kwa macho hatukuona tofauti yo yote kati ya mara ya kwanza na ya pili. Tulipokaribia digrii 35, Padre aligusa unga kwa kidole kimoja. Andazi lote lilishuka kwa mpigo, likaanguka juu ya viatu vya waliokaa mbele.

“Sasa mmeona,” akasema. “Unga ni ule ule. Ubao ni ule ule. Kilichobadilika kimefichika ndani, tena ni kidogo kuliko vyote.”

Basi, ili poromoko la bamba litokee, hapana budi mambo manne yakutane: mteremko mkali wa kutosha, bamba la theluji lililoshikamana, tabaka dhaifu chini yake, na kitu cha kulianzisha. Nitayaeleza moja moja.

Mteremko. Maporomoko mengi ya bamba huanza katika miteremko ya kati ya digrii 30 na 45. Chini ya digrii 30 ni nadra kuanza. Juu zaidi ya digrii 50 theluji haipati nafasi ya kukusanyika sana, maana humwagika kidogo kidogo kila inapoanguka. Kwa hiyo mahali pa hatari si majabali ya kutisha peke yake. Ni miteremko ile ile laini, mipana, inayompendeza mtu wa skii. Lakini mtu asidhani kwamba akikaa mahali tambarare amekwisha okoka, kwa kuwa poromoko lililoanza juu laweza kukimbia mbali sana mpaka bondeni.

Wale wanaosoma trigonometria watapenda kujua jinsi pembe hiyo inavyopimwa kwa fimbo mbili zenye urefu sawa. Simamisha fimbo moja wima katika theluji. Ya pili iweke mlalo, ncha moja ikigusa theluji upande wa juu, na ncha nyingine ikigusa fimbo ya wima. Ikiigusa kileleni kabisa, mteremko ni digrii 45. Ikiigusa juu kidogo ya nusu, mteremko ni digrii 30, kwa kuwa tanjenti ya digrii 30 ni 0.577. Kwa fimbo ya sentimita 130, alama hiyo ni sentimita 75 kutoka chini. Kipimo hiki hufanywa mahali padogo palipo salama pafananapo na mteremko wenyewe, wala si katikati ya hatari. Hata kabla ya kutoka nyumbani, ramani yaweza kusema. Katika ramani ya kipimo cha 1:25,000 yenye mistari ya usawa kila mita 20, mistari ikikaribiana kuliko milimita 1.4, basi mahali pale pamezidi digrii 30.

Bamba. Wengi tungedhani ya kuwa theluji hushikamana kwa sababu ya uzito wake tu. Lakini fundi mkubwa ni upepo. Watu wa milima ya Alps husema ya kuwa upepo ndio mjenzi wa maporomoko. Upepo huikwangua theluji upande inakotoka, huivunja chembe zake, kisha huimwaga nyuma ya kingo na ndani ya mabonde madogo, ikashikamana kama ubao. Wenye vyombo vya bahari huuita upande unaopigwa na upepo joshini, na upande wa pili demani. Basi katika mlima demani ndiko kunakojazwa. Theluji iliyoanguka sentimita 30 uwanjani yaweza kuwa mita nzima upande wa demani, na joshini mawe yakaonekana wazi. Kwa sababu hiyo mtu anayepima theluji mlangoni pake tu amejidanganya.

Tabaka dhaifu. Hili ndilo sukari ya Padre, na kwa kweli linafanana na sukari. Ardhi chini ya theluji huwa na joto la karibu digrii sifuri, lakini hewa juu yaweza kuwa digrii 15 chini ya sifuri. Theluji ikiwa haba, tofauti hiyo yote hukaa ndani ya kina kifupi. Mvuke hupanda kutoka chini penye joto kwenda juu penye baridi, na katika safari hiyo chembe za theluji hubadilika umbo, zikawa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota mkononi hutiririka kati ya vidole. Ndiyo maana mwanzo wa majira ya baridi wenye theluji kidogo na baridi kali huandaa msiba wa miezi ya baadaye.

Kuna na tabaka dhaifu lingine, la sakitu. Usiku wenye nyota na baridi, unyevu wa hewani huganda juu ya theluji kama manyoya madogo ya kioo. Padre anasema hakuna kitu kizuri kama hicho jua linapochomoza. Lakini theluji mpya ikiyafunika bila kuyavunja, manyoya yale hubaki yamesimama kama nguzo dhaifu chini ya dari nzito. Nyumba hiyo yaweza kusimama siku nyingi, hata majuma, ikingoja.

Kitu cha kuanzisha. Wengi wetu tulisema ni kelele. Katika sinema mtu hupiga ukelele na mlima mzima ukashuka. Padre alicheka. Sauti ya mtu haina nguvu ya kuangusha bamba. Kinachoangusha ni uzito: theluji mpya, au mvua juu ya theluji, au mtu mwenyewe. Katika ajali za watu wa skii zinazoleta kifo, mara 9 katika 10 hivi poromoko lilianzishwa na aliyefunikwa au mwenzake. Neno hili lilinishangaza kuliko yote. Nilidhani mlima humwendea mtu kwa bahati mbaya, kumbe mara nyingi mtu ndiye anayeuamsha. Lakini neno hili lina faraja ndani yake, kwa kuwa jambo tulifanyalo wenyewe twaweza pia kuacha kulifanya.

Uzito wa bamba hautishi mpaka mtu apige hesabu. Chukua bamba la upana wa mita 50, urefu wa mita 80 na unene wa nusu mita, ambalo si kubwa. Ni mita za ujazo 2,000. Kila mita ya ujazo ikiwa na kilo 200, jumla ni kilo 400,000, yaani tani 400. Linapokatika, ufa hukimbia chini ya theluji upesi kuliko mtu awezavyo kugeuka, na baada ya sekunde chache bamba lenda kasi ya gari katika barabara kuu. Likisimama, theluji huwa ngumu kama saruji. Aliyefunikwa hawezi kutikisa hata kidole.

Sasa nije kwenye barua ya ndugu yetu: theluji mpya zaidi ya nusu mita, upepo, na Jumamosi ya jua. Padre aliandika ubaoni maswali ambayo mtu hana budi kujiuliza kwa utaratibu.

La kwanza: wenye kazi hiyo wasemaje? Huko Davos pana taasisi ya uchunguzi wa theluji na maporomoko, ambayo wataalamu wake walianza kazi katika kibanda juu ya Weissfluhjoch mwaka 1936. Wakati wa baridi hutoa taarifa saa kumi na moja jioni na tena saa mbili asubuhi, na kila mtu aweza kuisoma katika simu yake. Hatari hutajwa kwa daraja 5, mpango uliokubaliwa na nchi za Ulaya mwaka 1993. Daraja la 1 ni hatari ndogo, na la 5 ni hatari kuu kabisa. Hapo Padre alituonya sisi wanafunzi hasa. Tumezoea alama za mitihani, na 3 katika 5 kwetu ni alama ya kati, si mbaya sana. Katika taarifa ile si hivyo. Hatari huongezeka maradufu na zaidi kutoka daraja hata daraja, na vifo vingi hutokea katika daraja la 3, kwa kuwa katika la 4 na la 5 watu huogopa wakabaki nyumbani, bali katika la 3 hutoka wakidhani ni ya wastani.

La pili: theluji mpya ni kiasi gani, na ilianguka katika hali gani? Ikiwa baridi ni kali, upepo mkubwa, na chini kuna uso laini au sakitu, hata sentimita 10 mpaka 20 zatosha kuleta hatari. Hali ikiwa njema, hewa karibu na digrii sifuri na upepo mdogo, yaweza kuhitajiwa sentimita 30 mpaka 60. Barua ilisema zaidi ya 50, pamoja na upepo. Basi kwa hesabu yo yote kipimo kilikuwa kimepita.

La tatu: imepata muda gani wa kutulia? Hapa ndipo mtego ulipo. Siku ya kwanza ya jua baada ya theluji ndiyo siku nzuri kuliko zote kwa macho, nayo ni miongoni mwa zilizo mbaya kuliko zote kwa kweli. Theluji mpya bado haijashikana na ya zamani, na jua laweza kuipasha moto upesi. Siku mbili tatu za kungoja hupunguza sana hatari ya theluji mpya yenyewe. Lakini ikiwa chini yake kuna tabaka la sukari au sakitu, kungoja huko hakutoshi. Tena miteremko ya kivulini, ambayo huko Ulaya ni ile inayoelekea kaskazini, hukawia kutulia kuliko ile inayopigwa na jua.

La nne: mlima wenyewe wasemaje? Ishara ni tatu, na mtu hahitaji chombo cho chote kuzitambua. Ya kwanza ni maporomoko mapya katika miteremko ya jirani. Ya pili ni nyufa zinazokimbia kutoka miguuni unapokanyaga. Ya tatu ni sauti nzito ya “wuumf” chini ya miguu, kama mtu aliyeketi juu ya godoro kuukuu. Hiyo ndiyo tabaka dhaifu likivunjika. Moja tu ya ishara hizi yatosha kumrudisha mtu kwenye mteremko wa chini ya digrii 30. Wataalamu pia huchimba shimo, wakakata nguzo ya theluji ya sentimita 30 kwa 30, wakaweka beleshi juu yake na kuligonga: mara 10 kwa kifundo cha mkono, mara 10 kwa mkono kutoka kwenye kiwiko, na mara 10 kutoka begani. Nguzo ikikatika mapema na kwa uso laini, ni onyo. Lakini isipokatika si ruhusa, kwa kuwa hatua 20 kando yake theluji yaweza kuwa nyingine.

La tano: likitokea, tutafanyaje? Kila mtu hana budi kuvaa chombo kidogo cha redio kinachotoa na kupokea ishara, kuchukua beleshi, na kuchukua ufito mrefu wa kukunja wa kuchomea theluji. Mwenzi akifunikwa, walio salama huigeuza redio ipokee, wakaifuata ishara, wakachoma, wakachimba. Hakuna wakati wa kungoja watu kutoka mjini. Anayetolewa ndani ya dakika 10 za kwanza ana tumaini la kuishi la kama watu 9 katika 10. Ikipita nusu saa, hubaki kama mtu 1 katika 3. Kwa hiyo mwokozi wa kweli ni yule uliyekwenda naye. Na katika mteremko wenye mashaka huvuka mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama, ili akipatikana na ajali awe mmoja, na wa kumchimba wawepo.

Padre alipomaliza la tano aliliweka chokaa mezani. Akasema kuna swali la sita, nalo halimo katika vipimo: tuko na nani, na nani kati yetu ananyamaza?

Hapo ndipo alipotuambia habari ambayo, nadhani, hakuna darasa lililopata kuisikia. Mwaka 1974 yeye alikuwa na miaka 20. Alikwenda mlimani pamoja na kaka yake na binamu yao, siku ya jua baada ya siku mbili za theluji. Walikuta nyayo za skii za watu waliotangulia zikikata mteremko, wakasema, “Wengine wamepita.” Yeye, chini kidogo, alikuwa amesikia ile sauti ya wuumf. Aliijua maana yake, kwa kuwa baba yao aliwafundisha. Lakini alikuwa mdogo wao, na kaka yake alikuwa bingwa wa kijiji. Aliona haya kusema, asije akaitwa mwoga. Kaka yake alipofika katikati, mteremko wote ulikatika juu yake. Siku zile hawakuwa na vyombo vya redio. Watu wa kijiji walikuja wakapanga mstari, wakachoma theluji kwa vijiti, bega kwa bega. Walimpata baada ya saa mbili na zaidi.

“Nimefundisha miaka mingi kwamba mdogo amheshimu mkubwa,” Padre akasema. “Bado nafundisha hivyo. Lakini heshima siyo kumwacha mkubwa wako apotee, na wewe umesikia.”

Kengele ililia, wala hakuna aliyeinuka.

Nimeyafikiri maneno hayo sana, kwa sababu kwetu pia mdogo hasemi mbele ya wakubwa. Tena jambo lenyewe si la theluji peke yake. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa mteremko wa Mlima Elgon, katika wilaya ya Bududa, ulishuka baada ya mvua nyingi, ukafunika nyumba, na watu wengi hawakuonekana tena. Udongo si theluji, na maji ndani yake hufanya kazi kwa namna nyingine. Lakini mteremko mkali, uzito ulioongezwa kwa mvua, na mahali dhaifu palipofichika ndani, hayo yanafanana. Wanakijiji wa Andermatt, Uswisi, waliweka sheria mwaka 1397 kwamba mtu asikate miti ya msitu ulio juu ya kijiji chao, kwa kuwa miti ndiyo iliyoizuia theluji isianze kushuka. Sheria hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 600. Sisi tunaokata miti juu ya nyumba zetu wenyewe yafaa tuifikiri.

Wala mtu asidhani kwamba maarifa yamekwisha ondoa hatari. Katika majira ya baridi ya mwaka 1950 na 1951 maporomoko yaliua watu 265 katika Alps. Baada ya hapo zilijengwa kuta, nyua za chuma na mapaa ya kukinga barabara. Hata hivyo, tarehe 23 Februari 1999, poromoko liliingia katika kijiji cha Galtür, Austria, likaua watu 31. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliandika maarifa ya watu wa Uswisi na Austria juu ya hatari ya maporomoko katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nadhani ni haki, kwa kuwa maarifa hayo yamelipiwa kwa gharama kubwa.

Mtapenda kujua mwisho wa barua. Padre alimjibu ndugu yetu usiku ule ule. Juma lililofuata jibu lake lilikuja, tukasomewa. Taarifa ya Jumamosi ilikuwa daraja la 3. Alikwenda nao, kwa sharti kwamba kila mmoja awe na redio, beleshi na ufito, na yeye apewe nafasi ya kujizoeza navyo kwanza. Walipofika chini ya mteremko mkubwa wa kivulini alisikia wuumf. Wenzake walitazamana. Yeye ndiye mgeni, na kwao hapakuwa na theluji, nani angemsikiliza? Akasema, “Mimi nimesikia. Mimi sipandi.” Mmoja alikasirika, akasema wamepoteza siku nzuri. Wawili walisema nao wamesikia, ila hawakutaka kuwa wa kwanza kusema. Wakageuka, wakapita msituni penye mteremko mdogo, wakanywa chai kijijini.

Mteremko ule haukuporomoka siku ile. Wala kesho yake. Yule aliyekasirika alimtumia picha yake, umekaa mweupe na mzima, akamwuliza, “Unaona?”

Tulimwuliza Padre kama ndugu yetu alikosea. Akajibu kwamba mlima hautoi vyeti. Mtu aweza kufanya vibaya mara kumi akarudi salama, akadhani ana akili. Na aliyefanya vema hapati ushahidi wo wote kwamba alifanya vema, isipokuwa kwamba yuko mezani jioni pamoja na wenzake. Kisha akatuambia tufungue vitabu.

Basi, ninyi mlio Ulaya, Amerika na kwingineko kwenye theluji, mkialikwa mlimani msikatae furaha hiyo. Yasemwa ni kubwa. Lakini someni taarifa, ulizeni habari za upepo, pimeni mteremko, na mkisikia neno chini ya miguu, lisemeni kwa sauti, hata mkiwa wadogo, hata mkiwa wageni. Nasi tulio hapa chini ya mvua tufanye vivyo hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee, nao walisema kweli. Siku nyingine aliyesikia ni mdogo, na hapo mkuu ndiye anayepaswa kutega sikio.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita